Kumpisha Mama Mkwe Majini

Mume wangu alizaliwa Butiama, upande ambako maji makubwa kuliko yote aliyoyajua utotoni ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Mimi nimezaliwa Kibara, ufukweni kabisa, na mama yangu ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha boti ya mashine. Kwa hiyo siku mume wangu aliponiambia, tumekaa nyumbani kwetu Kabasa tunakunywa chai, kwamba anaachana na magari na kununua boti, nilimwuliza kama amewahi kuingia majini kupita magoti.

"Chombo ni chombo," akasema. "Usukani nimeushika tangu kijana."

Usukani alikuwa ameushika kweli, lakini wa basi. Alikuwa dereva kati ya Musoma na Bunda tangu kabla hatujaoana, na tajiri wake alikuwa ameuza mabasi yote akahamia kwenye mashine za kukoboa. Mume wangu alikaa nyumbani miezi kadhaa akinifundisha namna ya kufagia, kupika na kufunga mlango, mpaka nikaomba Mungu ampatie kazi yoyote. Nilipoomba sikufikiria ziwa.

Wazo alilipata kwa mama, ingawa mama hakujua. Kila tulipokwenda Kibara siku ya gulio, mume wangu aliona watu wamejaa mwaloni wakingoja boti ya mama iwavushe ng'ambo, na wengine wanabaki kwa sababu nafasi imeisha. Dereva wa basi akiona abiria wamebaki kituoni hapati usingizi.

Boti ile ilikuwa ya baba. Alipofariki, watu walikuja kuiulizia kabla matanga hayajaanuliwa. Mama akawaambia haiuzwi, na wiki hiyohiyo akaipakia mihogo akavuka nayo mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyeiulizia tena. Nilimpigia simu kumwambia mkwe wake naye anaingia majini.

"Huyo wa ng'ombe?" akauliza.

"Ndiye huyo, mama."

"Mwambie majini hakuna breki."

Alinituma nimwambie kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai wakatazamana. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeacha njia mpaka mama apite. Wanaume wengi siku hizi wanaifanya heshima hiyo nusunusu: wanashuka kidogo pembeni, wanainamisha kichwa, basi. Mume wangu alikuwa haifanyi nusunusu. Siku moja sokoni Bunda alimwona mama anatokea kwenye meza za nyanya, na mimi nikageuka nikakuta nimebaki peke yangu na kikapu. Nilimtafuta mpaka nikamkuta kwenye saluni ya kina mama, amekaa kwenye kiti, anasoma bango la mitindo ya kusuka. Msusi alikuwa anamwuliza kwa upole anataka mtindo gani.

Mama alikuwa akizisikia habari hizo na kuzifurahia. Mimi ni mtoto wake, namjua. Nadhani mara nyingine alikuwa akipita kwa makusudi mahali ambapo alijua mkwe wake yupo, ili tu aone ataruka upande gani.

Boti aliipata Musoma, iliyotumika lakini imara, akaipaka rangi zilezile za basi lake la zamani. Mimi akanipa cheo cha kondakta. Nilikuwa na kibanda changu cha vitenge pale Kabasa, lakini alisema chombo bila kondakta hakitembei, nami nikamwachia mdogo wangu kibanda. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwacha peke yake kwenye maji.

Wakati huohuo ofisi inayoshughulikia vyombo vya majini ikawaita wenye boti wote Musoma kwa mafunzo ya sheria za kupishana. Mama akaitwa. Mume wangu akaitwa. Mimi nikaenda kama kondakta. Dada yangu anakaa Mwisenge, kwa hiyo mama na mimi tulilala kwake. Mume wangu, ambaye hawezi kulala nyumba moja na mama mkwe, akaenda kulala kwa dereva mwenzake wa zamani, chumba kimoja na mashine ya kuchomelea.

Ukumbini mama alikaa safu ya kwanza na mkoba mapajani. Mume wangu alikaa safu ya mwisho, kwenye kona, nyuma ya mtu mnene. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu, mtu wa mbali, hajui mambo ya kwetu. Alitueleza kwamba boti mbili zikija uso kwa uso, kila moja inakwenda kulia kwake, zinapishana kushoto kwa kushoto. Hapo hapo nikasikia mtu anaguna kule nyuma. Nilimjua mgunaji. Mtu ambaye maisha yake yote ameshika kushoto barabarani, akiambiwa kulia ni kama umemwambia ale kwa mguu.

"Sasa tufanye kwa vitendo," mkufunzi akasema. "Nipate boti mbili. Wewe mama wa mbele, njoo. Na wewe mzee uliyejificha pale kwenye kona, njoo."

Mume wangu akageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mzee mwingine. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Mwalimu," akasema, "kuwa boti naweza. Ila yule siwezi kukutana naye."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Basi vizuri, mnafahamiana," mkufunzi akasema. "Njoo."

Watu wa Kibara walicheka mpaka wa Musoma wakaanza kuuliza kuna nini. Mama alikuwa ameshasimama mbele, mkoba ameuweka kifuani kama ndiyo mbele ya boti, macho ameyapeleka dirishani kwa adabu.

"Mwalimu, tafuta mwingine," akasema bila kugeuka. "Huyo ukimlazimisha atatokea dirishani."

Basi nikaitwa mimi. Tukaja uso kwa uso na mama, nikaenda kulia, naye akaenda kulia, tukapishana bega la kushoto kwa bega la kushoto, watu wakapiga makofi. Kila mtu mle ukumbini alipewa zamu ya kuwa boti, isipokuwa mume wangu, ambaye mkufunzi alimsahau, naye hakumkumbusha.

Halafu tukafundishwa boti zinazokatishana njia. Ukiona mwenzako yuko upande wako wa kulia, wewe ndiye unayempisha, unazungukia nyuma yake. Na yule anayepishwa ana wajibu wake pia, na hapo mkufunzi alisimama akatutazama mmoja mmoja.

"Kama wewe ndiye unayepishwa, shika njia yako na mwendo wako uleule. Usianze kumpisha anayekupisha. Majini tusileteane ukarimu."

Na honi. Mlio mmoja mfupi maana yake nakwenda kulia, miwili nakwenda kushoto, mitatu narudi nyuma. Mume wangu, ambaye hajawahi kupishana na basi lolote bila kulisalimia kwa pii-pii mbili, aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri.

"Nimeelewa kila kitu," aliniambia tukitoka. "Shida ni kulia tu."

Kwa ajili ya shida hiyo alifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia. Kilimsaidia, isipokuwa alikuwa anakitazama kuliko alivyokuwa anatazama ziwa.

Tukapanga chumba Kibara, upande wa soko ulio mbali kabisa na kwa mama. Lakini mwalo ni mmoja. Kila asubuhi mume wangu alikuwa anasimama nyuma ya chanja za kuanikia dagaa mpaka boti ya mama iondoke, ndipo atoke, apakie abiria, aiwashe mashine. Kwa hiyo tukawa tunakwenda ng'ambo nyuma ya mama na kurudi nyuma ya mama. Mashine yetu ilikuwa na nguvu kuliko yake, na abiria walikuwa wanaliona hilo.

"Dereva, mbona hatumpiti yule mama?" mmoja aliuliza.

"Kumpita inaruhusiwa," mume wangu akajibu. "Unazunguka kwa mbali, unampita."

"Sasa mbona humpiti?"

"Mimi simpiti."

Akawa anapunguza moto, tunaelea, tunamngoja mama asogee. Abiria wakaizoea boti yetu, wengine wakawa wanakuja na kushona vikapu. Mimi nilikuwa nakusanya nauli na kuwaambia tutafika. Tulikuwa tunafika.

Siku yenyewe iliyoharibika, mashine ya mama ilisumbua kule ng'ambo. Sisi tulifika, tukashusha, tukapakia, tukaondoka, mume wangu akiamini mama alisharudi Kibara. Kumbe alikuwa ameivuta boti yake kwenye kijiji cha pembeni kwa fundi. Tulikuwa tumebeba watu, magunia ya mihogo mikavu na godoro jipya la mama mmoja aliyekuwa anampelekea binti yake aliyejifungua. Maji yalikuwa yametulia. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma, mkono kwenye mashine, anawasimulia abiria namna breki za basi zilivyomkatikia siku moja mteremkoni, na mimi nikaona boti inatokea kushoto kwetu, inakuja kukata njia yetu.

"Baba watoto," nikamwambia, "boti kushoto."

"Nimeiona. Sisi tuko kulia kwake. Yeye ndiye anatupisha." Aliangalia kitambaa kuhakikisha. "Nashika njia yangu na mwendo wangu."

Nilijivunia. Nasema kweli, kwa muda mfupi ule nilijivunia mume wangu kuliko siku ya harusi. Kisha ile boti ikasogea, tukaiona rangi yake, na tukamwona aliyekaa nyuma na kilemba chake cheupe.

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kwanza alipunguza moto. Halafu, kwa heshima kubwa, akambonyezea mama mkwe wake honi mara mbili.

Yeye alikuwa anasalimia. Ila kwa mtu aliyefundishwa sheria, alikuwa ametangaza kwamba anakwenda kushoto. Na mbaya zaidi, akaenda kweli kushoto, ili amwachie mama njia yote, azungukie nyuma yake. Mama naye, kama alivyofundishwa, alikuwa ameshakata kulia ili azungukie nyuma yetu. Boti mbili zilizokuwa zinapishana bila matatizo sasa zikawa zinatazamana uso kwa uso.

"Kulia," nikasema. "Baba watoto, kulia."

Mama akaenda kulia kwake. Mume wangu akatazama kitambaa chake chekundu, nikaona midomo yake inasema kulia, na mkono wake, ule ulioendesha basi miaka yote hiyo, ukaipeleka boti kushoto. Tukakutana tena palepale. Abiria wa pande zote mbili walikuwa wananyoosha mikono kuelekeza, kila mtu upande wake. Mama akatia mashine nyuma, sisi tukazima moto, na boti zikagusana taratibu sana, kama watu wawili wanaokutana mlangoni. Mtu aliyekaa hakuhisi hata kutikisika.

Mume wangu alikuwa amesimama. Akaenda majini na godoro.

Alikuwa amevaa jaketi okozi, hilo namshukuru Mungu, na kwa kuwa hajui kuogelea hakupoteza nguvu kujaribu. Alielea tu wima, kichwa nje, kama chupa. Mimi nilikuwa nimeruka kwenye mashine yetu tusije tukamgonga, na boti yetu ilikuwa inaelea kwenda mbali naye. Aliyekuwa karibu ni mama. Akasimama, akanyoosha kasia.

"Baba, shika kasia."

Mume wangu akageuza uso wake upande wa pili, mle mle majini, kwa adabu.

"Mama, mimi sina shida," akasema. "Nyie endeleeni na safari. Abiria wanachelewa."

"Shika kasia, mkwe wangu."

"Mama, sipendi kukusumbua."

Yalikuwa maneno ya kwanza kusemeshana ana kwa ana tangu anioe. Mzee mmoja ndani ya boti ya mama akasema huyu mtu anataka kufa na heshima zake. Mimi baridi ya maji yale naijua, na nilikuwa nimeanza kuona midomo yake inatetemeka. Nilimwita, nikamwambia ashike kasia, asipowaonea huruma abiria anionee huruma mimi. Mama hakumngoja ajibu. Alipitisha ncha ya kasia kwenye mkanda wa jaketi lake, akamvuta kama anavyovutwa sangara mkubwa, na wanaume wawili wakamnyanyua kwa makwapa wakamwingiza ndani. Godoro lilikuja kuokotwa na wavuvi.

Basi wakarudi Kibara hivyo: mama nyuma kwenye mashine, mume wangu mbele kabisa, mgongo ameuelekeza kwa mama, anatiririka maji. Mimi niliendesha boti yetu pembeni yao, karibu kiasi cha kusikia. Mama alivua kanga yake ya juu akaitoa ipelekwe mbele, mkono kwa mkono. Mume wangu akaiona, akashtuka, akairudisha. Kanga ya mama mkwe hawezi kujifunika. Mama akaituma tena. Ikarudi tena. Mwishowe mtu mmoja akamvulia koti lake, na kanga ikabaki kwa abiria wa katikati aliyechoka kuipokea.

"Mwulizeni huyo," mama akasema, ingawa hakuna hata mmoja ambaye hakumsikia, "boti yake ilikuwa inakwenda wapi."

Wa katikati akauliza.

"Mwambieni mama nilikuwa nampisha," mume wangu akajibu, akiyaambia maji yaliyokuwa mbele yake.

"Mwambieni mimi ndiye nilikuwa nampisha yeye."

"Mwambieni najua."

"Kama anajua, mwulizeni kwa nini."

Hapo mume wangu akalivuta koti kifuani. Meno yalikuwa yanagongana.

"Mwambieni mama kichwa kilijua. Mwili ndiyo ulikataa. Sijawahigi kumwona mama mbele yangu nikaendelea na safari."

Hakuna aliyelipeleka jibu hilo nyuma. Mama alishughulika na mashine yake muda mrefu, ingawa mashine ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa.

Godoro lilianikwa mwaloni siku nzima, na kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeulizwa alisimulia, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Mpaka jioni nilikuwa nimesikia kwamba mume wangu alijitupa mwenyewe ili asionane na mama mkwe. Kesho yake kamati ya mwalo ikatuita. Hakukuwa na hasira. Godoro lilikuwa limekauka, mbao hazikuvunjika. Lakini boti zilikuwa zimegusana na mtu ameingia majini, ikabidi waseme nani mkosaji.

"Mkosaji ni mimi," mume wangu akasema. Alikuwa amesimama nje ya banda, maana mama alikuwa ndani. "Nilimpisha."

Mwenyekiti wa kamati akakuna kichwa. "Tangu lini kumpisha mkwe ikawa kosa?"

"Majini ni kosa, mwenyekiti. Ndivyo tulivyofundishwa Musoma."

Wakagawanyika. Wazee wakasema kijana huyu amelelewa, wangependa na wakwe zao wawe hivyo. Wenye boti wakasema amelelewa ndiyo, lakini angeua watu. Mzee mmoja akapendekeza mama ndiye awe anachelewa kuondoka. Mwenye boti mmoja akauliza, na siku upepo ukivuma, nani atakumbuka nani amemwoa binti wa nani. Waliongea mpaka chai ikapoa, na mama akasimama.

"Mimi mkwe wangu sina neno naye," akasema. "Nchi kavu hajanikosea. Ananipisha mpaka naonaga haya, naenda dukani kununua chumvi tu, mtu mzima anaruka kwenye mihogo." Watu wakacheka, nje nikamwona mume wangu anatazama viatu vyake. "Lakini pale nyuma ya boti mimi siyo mama mkwe wa mtu. Nina watu nimewabeba. Kila mtu kule aliyenikabidhi mtoto wake, ananingoja. Akiniona kushoto kwake, apite. Nitamzunguka mwenyewe. Sitaki anipende, nataka apite."

Mwenyekiti alitikisa kichwa na kusema maneno ni mazuri, ila mwiko hauondoki kwa maneno. Kwetu huondolewa kwa mbuzi na shuka, na ukishaondolewa umeondoka, mkwe na mama mkwe wanasalimiana kama watu wengine.

"Sitaki uondoke wote," mama akasema haraka. "Wa majini tu."

Nilimtazama mama yangu nikaelewa. Alikuwa bado anataka kumwona mume wangu akiruka kwenye mihogo.

Shemeji zangu walikuja kutoka Butiama na mbuzi, kaka wawili wa mume wangu, watu warefu wasiopenda mambo mapya. Walitumia nusu saa nzima kuuliza ni wapi duniani mwiko ulikatwa katikati, nusu ukabaki. Mkubwa wao alitaka kujua mpaka uko wapi: maji yakifika magotini, je? Akiwa mwaloni, mguu mmoja ndani mmoja nje? Wazee wa Kibara walilijadili swali hilo kwa uzito wote. Wakakubaliana kwamba mwiko unaondoka chombo kinapoelea, na unarudi kinapogusa mchanga. Mama akapokea shuka, akajifunika palepale ingawa jua lilikuwa kali. Mbuzi akaliwa, wanawake ndani ya ua, mume wangu nje ya ua na kaka zake.

Asubuhi yake alisimama nyuma ya chanja za dagaa kama kawaida mpaka mama alipoondoka. Lakini tulipofika katikati ya maji, kwa mara ya kwanza aliongeza moto. Alizunguka kwa mbali, upana wa kutosha kuzungukia kijiji, akaja akawa sambamba na boti ya mama. Akanyoosha kola ya shati.

"Shikamoo, mama," akasema, macho mbele.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

Akampita. Abiria walioshona vikapu kwa wiki zote zile waliacha kushona. Alijifuta uso kwa kile kitambaa chekundu, nami nikajifanya nahesabu magunia.

Tangu hapo wamezoeana, kule majini. Mwanzoni zilikuwa salamu tu. Halafu mama akawa anamwambia mashine yake inatoa moshi mwingi, naye anamwuliza mama mafuta anachanganya vipi. Wanaongea kwa sauti ya juu, boti kwa boti, hawatazamani, kila mtu anaangalia mbele kwake. Kulia bado kunamshinda siku moja moja, na mama anampigia honi ndefu inayosikika mpaka sokoni.

Mwaka huu mwanzoni mwa mvua tulikuta wavuvi wanavuta nyavu zao za sato, wametandaza upana mrefu mbele yetu. Anayevua anapishwa na wote. Mume wangu akazima mashine. Baada ya muda mama naye akaja, akazima, boti zikaelea karibukaribu, na kukawa kimya kile cha ziwa ambacho unasikia mpaka maji yanavyolamba mbao. Mvua ilikuwa inanyesha mbali, upande wa Majita.

"Kwenu Butiama imenyesha?" mama akauliza.

"Imenyesha, mama. Ng'ombe wamepata majani."

"Mama yako alikuwa anapenda kulima au ng'ombe?"

Mama mkwe wangu sikumjua. Alifariki kabla sijaolewa, na mume wangu hamzungumzii. Kila nilipouliza alisema alikuwa mtu mzuri, akabadilisha habari.

"Kulima," akasema. "Ulezi. Alikuwaga na wimbo mmoja wa kupepetea." Akachota maji ya ndani ya boti kwa kopo, akayamwaga. "Nilikuwa njiani na basi alipofariki. Walinipigia simu niko Bunda. Nilikuwa na abiria wamejaa, nikawafikisha kwanza Musoma, ndiyo nikarudi. Watu wa nyumbani walinisema sana."

Mama alikuwa ameshika kasia kuzuia boti zisigusane. Akaisukuma yetu kidogo.

"Uliwafikisha wote?"

"Wote."

"Basi," mama akasema.

Wavuvi walikuwa wanamaliza kuvuta. Mmoja akatupungia kwamba njia iko wazi, na mashine zikawashwa moja baada ya nyingine.

Usiku ule, tumeshakula, nilimwuliza mume wangu kwa nini miaka yote hii hajawahi kuniambia habari hiyo. Alikuwa anafua kitambaa chake chekundu kwenye beseni.

"Sijui," akasema. "Mama ameuliza vizuri tu."

Nikataka kumwambia kwamba na mimi niliuliza vizuri. Nikaacha. Nikamwomba aniimbie ule wimbo wa ulezi, akasema hana sauti, na baada ya kubembelezwa sana akauimba nusu, kwa Kizanaki, akaharibu mwishoni, akaanza tena.